Kanuni Mpya Inaanza Kesho

Swali lenu la wiki hii linauliza: ni mchezo gani uliobuni na marafiki zako chuoni, na ni kitu gani kiliufanya udumu? Wetu uliitwa Muhula. Tuliuchora kwa chaki juu ya kimbweta, yaani meza ya zege ya kujisomea, nyuma ya hosteli, Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Naamini uliishi kwa sababu hakuna kati yetu aliyekuja chuoni akiujua.

Ulitokana na ugomvi wa karata. Tulikuwa wasichana wanne: mmoja wa Songea, mmoja wa Bukoba, mmoja wa Pemba, na mimi wa Tanga. Kila mtu alikuja na lasti kadi ya mtaani kwao. Kwa mmoja, ukitupiwa mbili unaokota karata mbili, basi. Kwa mwingine, unaweza kuweka mbili yako juu yake na mzigo ukamhamia anayefuata. Tukasema tuache karata, tushuke uwanjani tucheze rede. Yakawa yale yale: mtaani kwetu mtu wa kati alikuwa akijaza chupa mchanga huku akikwepa mpira, na mwenzetu wa Bukoba hakuwahi hata kuisikia hiyo chupa. Kila mmoja aliona kanuni ya kwao ndiyo kanuni yenyewe.

Wanafunzi wa Cambridge kule Uingereza yaliwakuta hayo hayo mwaka 1848. Walitoka shule mbalimbali, Eton, Harrow, Rugby na nyinginezo, na kila shule ilikuwa na mpira wake. Mmoja wao, H. C. Malden, alisimulia miaka mingi baadaye kwamba walikutana chumbani kwake baada ya chakula cha saa 10 jioni, wakaachana dakika 5 kabla ya saa 6 usiku, kanuni za pamoja zikiwa zimepatikana. Chama cha soka cha Uingereza kilipoandika sheria zake mwaka 1863, kanuni za Cambridge zilikuwa miongoni mwa zilizotazamwa. Nawaheshimu sana vijana wale kwa kukaa saa zote hizo. Sisi tulichagua njia nyingine: tuweke pembeni michezo yote ya nyumbani, tutunge ambao hauna mwenyewe.

Ubao wake ulikuwa na visanduku 17, yaani wiki 15 za masomo na wiki 2 za mitihani. Dadu hatukuwa nayo, kwa hiyo tulirusha vifuniko 4 vya soda na kuhesabu vilivyolala chali. Mwenzetu wa Pemba, aliyekuwa akisoma takwimu, alituandikia hesabu yake: kama kila kifuniko kina nafasi sawa ya kulala chali au kifudifudi, mbili itatoka mara 6 katika kila 16, na nne mara 1 tu. Kisha akagundua kwamba kifuniko kilichopindwa na opena hakilali sawa na kizima. Tangu siku hiyo vifuniko vikawa vya wote, vinakaa kwenye kopo moja, na hakuna kuja na vyako mfukoni.

Majina ya visanduku yalitoka kwenye maisha yetu. Ukiangukia Boom, yaani fedha za kujikimu za mkopo, unarusha tena. Ukiangukia Sapu, mtihani wa marudio, unakaa zamu moja. Ukiwa kwenye mitihani na vifuniko vyote 4 vikalala kifudifudi, umedisko, yaani umeondolewa chuo kwa kufeli, unarudi wiki ya kwanza. Haya yangeweza kubuniwa na mwanafunzi yeyote, na sidhani kwamba ndiyo yaliyotufanya turudi pale kila jioni.

Kilichoturudisha ni kubebana. Mwanzoni tulicheza kama ludo, ukimkuta mwenzako kwenye kisanduku unamla, anarudi mwanzo. Yule wa Songea alikuwa hajapata chumba muhula ule, alikuwa amebebwa, analala kitanda kimoja na mwenzetu wa Bukoba. Jioni moja kete yake ilipoliwa na huyo huyo aliyembeba, alisema, "Jamani, hapa hakuna kumfukuza mtu. Tubebane." Akawa amebadilisha mchezo wote. Tangu hapo, ukimkuta mwenzako mnakaa pamoja, na akirusha yeyote kati yenu mnasogea wote. Mnakwenda mbio kuliko wengine, lakini mmoja akiwaangusha kwenye Sapu mmeangukia wote. Watatu hawabebani, wa tatu anapitiliza kisanduku kimoja. Mwenye kisanduku anaruhusiwa kukataa kubeba, ila akikataa anarudi nyuma kisanduku kimoja. Na mkifika mitihani kila mtu anaingia peke yake. Hapo ndipo akili ilipohitajika: umbebe nani, umbebe hadi wapi, na utafanyaje mkifika wiki ya 15 mkiwa sawa?

Kanuni zote ziliandikwa kwenye kaunta buku, pamoja na tarehe na sababu. Iliyotusaidia kuliko zote ilikuwa hii: kanuni mpya inaanza kesho. Ukiona pengo, lipendekeze, lijadiliwe, lipigiwe kura, lakini leo tunamaliza kwa kanuni za jana. Mtu anayejua kwamba pendekezo lake halitamwokoa usiku huu analipima kwa haki. Ningewashauri wanaobuni mchezo sasa hivi waanze na hiyo, tena waanze na kanuni chache sana. Kanuni iliyotungwa kabla ya ubishi mara nyingi huwa haina kazi. Zile zilizotokana na ubishi wa kweli hatukufuta hata moja.

Ninaamini pia kwamba mchezo wa kubuni huleta usawa ambao karata na bao haziwezi kuuleta. Kwenye bao, aliyelelewa barazani na babu zake amekuacha mbali kabla hujashika kete. Kwenye Muhula sote tulikuwa wageni, na mkimya kuliko wote ndiye aliyetuletea kanuni bora.

Tumeshatawanyika sasa, lakini tukikutana, hata kwenye harusi, mtu hutoa chaki. Kipo kifungu kimoja hatujakimaliza: je, unaweza kukataa kumbeba aliyekubeba mapema katika mchezo huo huo? Wa Pemba na wa Bukoba wanasema ndiyo, kwa sababu gharama ya kurudi nyuma inatosha. Mimi na wa Songea tunasema hapana, aliyekubeba unambeba. Kura ni mbili kwa mbili, na kwa mujibu wa kaunta buku kura zikilingana kanuni ya zamani inabaki, yaani kukataa bado kunaruhusiwa. Tutakapokutana tena nitalipeleka pendekezo hilo upya.