Jibu: Nyongeza za The Witcher 3, ninunue au niache?

Mkuu, umeuliza kama nyongeza za kulipia za gemu la The Witcher 3 zina thamani ya pesa yako. Hizo nunua. Blood and Wine ya 2016 inakupeleka Toussaint, eneo jipya kabisa lenye mashamba ya mizabibu, na ukizunguka kote zinakwenda saa 20 hivi. Hearts of Stone ya 2015 ni fupi, ila kwa hadithi mimi naipenda zaidi. Usidhani nyongeza za magemu yote ziko hivyo lakini: mwaka 2006 kampuni ya Bethesda waliuza deraya ya farasi wa gemu lao la Oblivion kwa dola 2.50, wanachekwa mpaka leo! Gemu lenyewe umeshalimaliza? Kama bado, subiri punguzo, huwa halikawii.