Chama cha siri chuoni: muulize dada wa vitabu

SWALI: Shikamoo dada. Naandika riwaya, mhusika wangu kaingia mwaka wa kwanza chuo cha Yale kule Marekani, wiki ya kwanza tu anafuatwa usiku na watu waliofunika sura wanamwingiza chama cha siri cha Skull and Bones. Rafiki yangu kasoma kasema haiwezekani. Kwani hivi vyama vipo kweli? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Chama kipo, tena cha tangu 1832, na jengo lao wanaliita Kaburi liko High Street palepale New Haven, mji wa chuo hicho, watu wanapita wanaliona kila siku, kwahiyo siri ni ya yanayofanyika ndani. Ila hapo kwa rafiki yako umebanwa. Wanachukua watu 15 kwa mwaka, na wanawachagua wakiwa mwaka wa tatu ili wa nne ndo wawe wanachama, sasa huyo wako ambae hata kantini hajaijua watamtakia nini? Wanamtaka mtu mwenye jina tayari, zamani hasa mhariri wa gazeti la chuo au kapteni wa timu. Mpeleke mwaka wa tatu bwana, hapo atakua kakitamani chama muda wote huo huku anajifanya hana habari nacho, na hiyo ndo riwaya yenyewe.

Halafu punguza majeneza na mafuvu, tumeyachoka. Chukua ya 1991, wanafunzi waliokua wanamaliza walichagua na wanawake, basi wazee waliosoma zamani wakakasirika wakabadilisha kufuli za jengo! Yani kijana kashika ufunguo wake na mlango haufunguki, mi ningeandika sura nzima hapo. (Wanawake mwishowe waliingia, ilipigwa kura.) Na 2004 George W. Bush na John Kerry wanagombea urais wa Marekani, wote wanachama, wakiulizwa kwenye tivii wanakwepa tu.

Ukitaka ya Afrika nenda Nigeria. 1952 pale chuo cha Ibadan mwandishi Wole Soyinka na wenzake 6 walianzisha chama cha Pyrates kupinga majivuno ya wasomi wa kikoloni, baadae yakazuka makundi mengine na baadhi yakawa ya mapanga na bunduki, mpaka Julai 1999 wanafunzi wakauawa usiku chuo cha Obafemi Awolowo, Ife. Huko kijana anaweza kujiunga kwasababu anaogopa kubaki peke yake hosteli, na kutoka ndo kazi. Kwa Yale kwenye rasimu yako sijaona bado huyo kijana anaogopa nini, anza na hilo kabla hujagusa usiku wa kuapishwa.