Maswali ya Wasomaji: Chupa ya Chai au Seti ya Kauri?

SWALI: Mhariri, mpwa wangu anaolewa mwezi ujao, na katika kamati ya kicheni pati mimi nimepangiwa vyombo vya chai. Dukani nimeonyeshwa seti ya kauri yenye buli, jagi dogo la maziwa, kibakuli cha sukari, na vikombe sita pamoja na visahani vyake. Dada yangu anasema hizo ni mbwembwe za Waingereza, eti ninunue chupa ya chai, yatosha. Nani yuko sahihi, na nikiamua kununua seti, nitaitambuaje iliyo nzuri?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Dada yako ana hoja, ila historia ameikosea kidogo. Buli ni la Wachina, na hata wao walikunywa chai kwa karne nyingi kabla hawajalihitaji. Lu Yu alipoandika kitabu chake kuhusu chai katika karne ya 8, enzi ya nasaba ya Tang, majani yalishindiliwa yakawa vipande vigumu, yakasagwa, yakachemshwa na chumvi kidogo, kisha chai ikanywewa kwenye bakuli. Yeye alisifu bakuli za kijani za eneo la Yue kwa kuwa zilipendezesha rangi ya chai. Ilipofuata nasaba ya Song, watu walipenda unga wa chai uliokorogwa kwa kipigio cha mwanzi mpaka ukafura povu jeupe, na ghafla bakuli nyeusi ndizo zikawa na thamani, maana povu hilo lilionekana vizuri juu ya weusi. Kisha mwaka 1391 mfalme Hongwu, mwanzilishi wa nasaba ya Ming, alikataza ikulu kuletewa chai ya vipande na akaagiza iletwe ya majani makavu yasiyoshindiliwa. Majani ya namna hiyo hulowekwa kwenye maji moto, na hapo ndipo buli lilipopata kazi.

Nimeeleza hayo kwa urefu kwa sababu jibu la swali lako limo humo: kila upishi wa chai ulipobadilika, chombo nacho kilibadilika. Kabla hujatoa fedha, jiulize bibi harusi huyu na mumewe watakunywa chai ya namna gani.

Seti uliyoonyeshwa ilikamilika Ulaya. Waholanzi walianza kuileta chai huko kibiashara mwanzoni mwa karne ya 17, na merikebu zilizobeba chai zilibeba pia kauri, ambayo kwa uzito wake na kwa kutodhuriwa na maji ilipangwa chini, makasha ya chai yakakaa juu yake. Merikebu moja ya Waholanzi, Geldermalsen, ilizama mwaka 1752 ikitoka Canton, bandari ya China. Chai ndiyo iliyokuwa mali kubwa zaidi humo, lakini kilichobaki ni kauri, iliyoopolewa baharini na kuuzwa kwa mnada mjini Amsterdam mwaka 1986, vipande zaidi ya 100,000. Vikombe vya Kichina vya wakati huo kwa kawaida havikuwa na mkono. Mkono uliongezwa hatua kwa hatua Ulaya, ambako chai nyeusi ilinywewa ya moto sana, na jagi na kibakuli vikaingia kwenye seti kwa sababu kila mgeni alijitilia maziwa na sukari mwenyewe mezani.

Sasa tazama jikoni kwetu. Chai ya maziwa hupikwa: maji, maziwa, majani, tangawizi na iliki vyote huingia sufuriani, na katika nyumba nyingi sukari nayo humo humo, kisha chai huchujwa na kumiminwa kwenye chupa. Katika nyumba kama hiyo jagi la maziwa halina kazi yoyote, na buli huishia kwenye kabati la vioo likisubiri wageni ambao nao watamiminiwa kutoka kwenye chupa. Hata kwa chai ya rangi kuna tatizo. Majani mengi yanayouzwa madukani mwetu hupitishwa kwenye mashine zinazoyaponda, kuyachana na kuyakunja yakawa punje ndogo, ambazo hutoa rangi kali upesi lakini hupenya kwenye vitundu vya buli lililotengenezwa kwa ajili ya majani makubwa.

Ushauri wangu, basi, ni kwamba kama mpwa wako ni mpikaji wa chai, mnunulie chupa nzuri, vikombe sita vizito vya kila siku, chujio la chuma lenye wavu mwembamba, na sinia. Hiyo ni zawadi kamili, na itatumika tangu asubuhi ya kwanza. Chupa yenye kioo ndani huhifadhi joto vizuri lakini huvunjika. Itikise taratibu sikioni kabla ya kulipa, na ukisikia mchakacho irudishe. Ya chuma kitupu hudumu zaidi. Ukifika nayo nyumbani ijaze maji moto na uipapase ubavuni baada ya dakika chache, kwani ikiwa imepata moto, joto linavuja.

Ukiona kwamba nyumba yao itakuwa na wageni wa heshima, au kwamba wawili hao wanapenda chai ya majani isiyopikwa, nunua seti bila kusita, lakini ichunguze. Tazama kwanza ncha ya mdomo wa buli: isiwe chini ya ukingo wa tundu la kifuniko, la sivyo chai itamwagikia mdomoni kabla buli halijajaa. Kifuniko kiwe na kitundu cha kuingiza hewa, na buli likiinamishwa kisidondoke. Muuzaji mwema hatakataa ukiomba maji umimine mara moja. Buli baya utalijua kwa tone linaloteremka shingoni kila unapoacha kumimina. Kikombe ukigonge kidogo kwa ukucha, kwa kuwa kauri nzima hutoa mlio mwororo, na yenye ufa hutoa mlio mfu. Kauri nyembamba inayopitisha mwanga huenda ikawa ile iliyochanganywa na majivu ya mifupa, hasa ya ng'ombe, ambayo ilikamilishwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 18. Ni imara kuliko inavyoonekana, lakini kama asili ya mifupa hiyo inamhusu mpokeaji kwa imani yake, ulizia kabla ya kununua. Vikombe vyenye ukingo wa dhahabu visiingizwe kwenye maikrowevu.

Na ukimjibu dada yako, mkumbushe kwamba watu wa pwani walithamini kauri ya China karne nyingi kabla Waingereza hawajafika: bakuli zake zilipachikwa kwenye makaburi ya kale ya Kunduchi na ya Mambrui.

SWALI: Rafiki yangu aliyerudi kutoka China ameniletea buli dogo la udongo wa kahawia usiong'aa, halijai hata vikombe viwili. Nimelitumia kwa chai ya maziwa, nikaliosha kwa sabuni, na sasa linanuka. Nifanye nini?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Maelezo yako yanafanana na mabuli ya Yixing, katika jimbo la Jiangsu, yaliyopata sifa tangu enzi ya Ming. Udongo wake haupakwi kitu cha kuung'arisha, hivyo hufyonza ladha na harufu, na wenyewe hulitengea buli moja aina moja ya chai. Maziwa na sabuni ni adui zake. Liloweke kwenye maji moto, ubadilishe maji mara kadhaa mpaka harufu itulie, kisha ulianike likiwa wazi. Baada ya hapo lisuuze kwa maji matupu tu. Udogo wake nao si kasoro, kwa kuwa majani yale yale humiminiwa maji mara nyingi na kunywewa kidogo kidogo.

SWALI: Babu hunywa chai kwa kuimwaga kwenye kisahani, na wajukuu wanamcheka. Je, ni ushamba?
Msomaji, Tanga

JIBU: Wajukuu wamuombe radhi. Katika karne ya 18 watu wengi wa Uingereza na Marekani walipoza chai namna hiyo hiyo, na karne iliyofuata viwanda vya kioo vya Marekani vilitengeneza hata visahani vya ziada vya kuwekea kikombe, wakati mnywaji ameshika kile chenye chai. Visahani vya siku hizi ni bapa mno kwa kazi hiyo. Mkitaka kumfurahisha mzee, mtafutieni chenye kina na ukingo ulioinuka.