Mwanangu, kuhusu hiyo kazi ya kituo cha kura

Mwanangu,

Umeniuliza juzi kama ni salama wewe kusimamia kituo cha kura hapo Philadelphia, maana wenzako wanakutisha. Kila nikianza kukujibu namkumbuka yule kaka wa sanamu ya City Hall, Octavius Catto, ulikonipeleka ile safari ya mahafali yako, wewe eti mama twende baridi, mi nimeganda pale sitoki.

Alikuwa mwalimu kama mimi. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vimeisha 1865, na hapo kwenu kaskazini, ambako watu husema kulikuwa afadhali, mweusi hata tramu hapandi na mzungu. Catto na wenzake wakakomaa mpaka sheria ya kukataza ubaguzi kwenye tramu ikapita Machi 1867. Sasa hapa ndo napapenda: siku chache tu baadaye mchumba wake, Caroline LeCount, naye mwalimu, akasimamisha tramu, kondakta akamkatalia na tusi juu, dada akaenda kwa hakimu na ile sheria mkononi, kondakta akala faini ya dola 100. Nikifika hapo nacheka peke yangu jikoni.

Halafu 1870 wakapata kura, na tarehe 10 Oktoba 1871, siku ya uchaguzi, wahuni wa kizungu wakatoka kuwapiga weusi wasipige kura. Catto anarudi kwake South Street, mchana kweupe, watu wanaona, Frank Kelly akampiga risasi. Alikuwa na miaka 32. Kelly akakimbia, akaja kukamatwa Chicago, kesi ikasikilizwa 1877, mashahidi wakamnyooshea kidole humohumo mahakamani na bado akaachiwa.

Nimekwambia tangu uko mdogo, muuaji wa hivyo haendi na ujasiri, anaenda na uhakika kwamba hatofanywa kitu. Kule kusini ndo usiseme, seneta wa jimbo, mweusi Benjamin Randolph, aliuawa 1868 kwenye stesheni ya treni South Carolina, mchana vilevile, hakuna aliyefungwa. Uhakika huo, mwanangu, si ujasiri.

Ndo maana ya mjomba wako hayanitoki. Kisa unakijua, sirudii. Kile kipigo alipona, ila lile faili la kesi yake kupotea hakuwahi kupona nalo, mpaka anazikwa alikuwa analiulizia.

Saa nyingine nasema sasa Catto naye alitoka nje ya nini siku ile, vurugu ameziona, si angejifungia ndani? Halafu najijibu, ajifungie siku aliyoipigania miaka yote ile? Halafu nakuwa mama yake tena, naona miaka 32 tu.

Kwa hiyo mi swali la usalama naliacha, nakuuliza lingine: ukiguswa hapo kituoni, nani anakwenda na wewe mahakamani, na atakwenda mpaka mwisho au mpaka magazeti yanyamaze? Baba yako kakaa hapa pembeni anataka niandike neno moja tu, usiende. Sijaandika. Na nenda pia sijaandika, ingawa mkono unanivuta kweli kweli. Nitumie kwanza jina la msimamizi wenu na namba ya wakili mliyepewa, kama mmepewa, halafu Jumapili nipigie nikishatoka kanisani.

Mama yako