Jibu: Moyo wa panya unasimama vizuri lakini haurudi kupiga

Salaam mkuu. Kama nimekuelewa, kwenye jaribio lako la maabara moyo wa panya unasimama vizuri ukiupitishia dawa yenye potasiamu, ila ukirudisha maji ya kawaida ya kulishia moyo (yenye chumvi na kalsiamu) unakakamaa, unapauka na haupigi tena. Anza na kalsiamu. Angalia upya chumvi ulizopima kutengeneza dawa ya kusimamisha moyo: kama kalsiamu ni sifuri, shida ni hapo hapo. Utando wa seli hudhoofika, kisha kalsiamu ikirudi hufurika ndani na misuli hujikaza hadi kuchanika. Dawa ya St Thomas namba 2, inayotumika kusimamisha moyo wakati wa upasuaji, ina potasiamu milimoli 16 kwa lita, lakini pia wameweka kalsiamu milimoli 1.2 makusudi kabisa. Halafu pima joto la moyo wenyewe, si la chupa ya dawa. Ubaridi hupunguza madhara hayo. Nimefanyia panya tu, kwa wanyama wengine sina uzoefu. Weka hapa vipimo vyako vyote tuvione.