Wanaokusema Usiwajibu Wote

Juzi msomaji mmoja ameniandikia. Ndoa imevunjika, amerudi kwao, na mtaa mzima haumzungumzii mwingine. "Dada, nihame?"

Usihame, mdogo wangu. Mimi nimesemwa nikiwa masomoni Cluj, Romania, na walionisema ni wenzangu tuliotoka nyumbani pamoja. Eti chuo nimeacha, eti nimewekwa kinyumba na mzungu. Maneno yakamfikia mama kabla ya matokeo yangu, nami nilikuwa nimefaulu vizuri. Hadi leo nikikumbuka moyo unachoma.

Aliyeniponya ni bibi mwenye nyumba niliyopanga, mzaliwa wa Maramureș, kaskazini mwa Romania. Akimenya viazi huimba doina, wimbo wa taratibu usiofuata mapigo, sauti ikivutwa hadi pumzi iishe. Pale inapopanda, kisu kilikuwa kinasimama juu ya kiazi. Bartók, mtunzi wa muziki wa Hungaria, alikwenda kurekodi nyimbo za namna hiyo huko Maramureș mwaka 1913, na 2009 UNESCO ikaiweka doina kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Mimi nilichoshika ni maneno yake. Nyimbo nyingi za huko huanza kwa kuliita jani bichi, "frunză verde", kisha mwimbaji akaushitakia msitu: walimwengu wamemsema, wamemtenga na mpenzi wake, amekonda. "Gura lumii", mdomo wa walimwengu, ndiye adui. Lakini mwimbaji hamjibu adui. Anauambia msitu.

Na wasemaji nao wana uwanja wao. Kwenye ngoma za harusi za huko mchezaji hupaza mistari yenye vina juu ya fidla, akimchapa mke mvivu au mume mlevi, wenyewe wakiwa papo hapo. Sehemu za Transylvania, eneo la Romania, kuna hata desturi ya vijana kupanda vilima viwili usiku, karibu na Kwaresima, wakaitana juu ya kijiji kizima na kuwataja wasichana ambao hawajaolewa. Kwangu huo ni ukatili, na kuitwa mila hakuupunguzii ukali. Ila aliyetajwa amesikia kwa masikio yake na sauti anaijua. Mimi sikupewa hata hilo. Yangu yalipita simu hadi simu, na kila aliyeniletea alidai ameyasikia kwa mwingine.

Kwa hiyo, dada yangu, anayekuletea maneno usimjibu. Ukimjibu umempa mzigo mpya wa kubeba. Tafuta mtu mmoja asiyetoa siri, umwage yote kwake, ulie ukipenda. Wengine wote usiwajibu. Narudia kwa sababu najua utashawishika: usiwajibu, hata kwenye stetasi. Wanawake tunajimaliza kwa kujieleza kwa watu wasiotulisha wala kutuvika!

Umeniambia shangazi yako yuko Morogoro na mnapendana. Nenda kwake mwisho wa wiki. Yule jirani wa "nimesikia" akija jioni, mpe chai, muulize habari za wanawe.