Mnyama wako akinaswa na gundi ya panya au lami, anza na mafuta ya kupikia

Sisi tunaoishi karibu na mwalo wa Kirumba, jijini Mwanza, tunafahamu kwamba palipo na dagaa hapakosi panya, na ndiyo maana gundi ya panya imo katika nyumba nyingi. Tatizo ni kwamba gundi hiyo haichagui. Humnasa panya, na humnasa paka vilevile.

Nianze na kosa nililolifanya mwenyewe. Miaka michache iliyopita mbwa wetu alirudi kutoka ufukweni akiwa amekanyaga lami waliyokuwa wakiitumia mafundi kukalafati mtumbwi, nami nikamsugua nyayo kwa mafuta ya taa, kama tunavyojifuta rangi mikononi. Lami ilitoka, lakini jioni ngozi ya katikati ya vidole vyake ilikuwa nyekundu na imechubuka, naye akawa anajilamba bila kukoma hadi akatapika. Daktari wa mifugo alinieleza jambo ambalo sijalisahau: chochote unachompaka mnyama mwilini kitaishia kinywani mwake. Mafuta ya taa, petroli na thina ya rangi huunguza ngozi, na yakiingia mapafuni mnyama anapotapika huleta nimonia. Kwa hiyo aliyeyalamba asilazimishwe kutapika, bali apelekwe kwa daktari mara moja.

Dawa yenyewe ilikuwa jikoni siku zote. Mtu anayepasua fenesi hupaka mafuta kisu na mikono kabla ya kuanza, kwa sababu ulimbo haujali maji lakini hulegea kwenye mafuta, na gundi ya panya na lami zina tabia hiyo hiyo.

Mwaka jana nilimkuta paka wetu mdogo amenasa ubavu mmoja na miguu ya mbele kwenye ubao uliopakwa gundi ya panya. Kwanza nilinyunyiza unga wa ngano kwenye gundi yote iliyokuwa wazi, ili asizidi kunasa kila anapofurukuta, kisha nikamfunika kwa taulo na kuacha nje sehemu iliyonasa tu. Nilichovya kidole katika mafuta ya alizeti na kukipenyeza polepole kati ya manyoya na ubao. Kwa dakika kadhaa hapakuwa na dalili yoyote. Halafu kidole kimoja cha mguu kikateleza, na ukucha ukatoka ukivuta uzi mwembamba wa gundi. Usimvute hata kidogo, kwa kuwa manyoya hung'oka pamoja na ngozi.

Akishatoka, endelea kumkanda kwa mafuta na kufuta kwa kitambaa, kisha muoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya maji ya kuoshea vyombo, mara mbili au tatu, umsuuze vizuri na kumkausha mahali pasipo na upepo wa ziwani, kwani mtoto wa paka hupoteza joto upesi. Sabuni ya unga ni kali mno. Dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe kama maziwa ukizitia maji usizikaribishe kwa paka kabisa, kwa sababu nyingi zina fenoli, ambayo ini la paka haliwezi kuishughulikia.

Ubani wa kutafuna hugandishwa kwa barafu ukavunjika. Lami iliyo bado ya moto usiibandue: imwagie maji ya baridi, kisha mpeleke mnyama kwa daktari. Nisisitize pia kwamba mnyama mwenye maumivu huuma hata anayempenda, na akikuuma au kukuparura, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya kinga ya kichaa cha mbwa.

Siku hizi ubao wa gundi nyumbani kwetu hukaa ndani ya boksi la mbao lenye tundu dogo lisilopitisha kichwa cha paka.